Mzee Mabano, Aliyengoja Kuitwa

Jina lake kamili limechapwa kwenye jalada la ratiba mliyoishika, na ni refu kama treni ya mizigo. Mama yake mzazi alilitamka lote pale tu alipokuwa amekasirika. Wengine wote walimwita Mabano, na mvi zilipomjaa wakamwongezea heshima, akawa Mzee Mabano. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, ndiye anayeusoma, na wanaomfahamu dada mtu wanajua kwamba tangu utotoni hakuwahi kuambiwa anyamaze akanyamaza. Familia ilikaa ikakubaliana kwamba yale yanayonong'onwa kwenye korido za hospitali kuhusu mashine ya marehemu yasemwe hapa, mbele ya jeneza lake, yakiwa yamenyooka. Lisemwalo lipo, na hili lipo kweli. Basi wenye haraka wavumilie.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Agosti 1955, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi saa. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alikuwa mpole, ila mpole wa kukutia wasiwasi, wa kimya kingi. Alipokuwa na umri wa kwenda shule aliifungua saa ya ukutani ya mteja, akavitandaza vyuma vyake vyote kwenye mkeka kwa mpangilio, akakaa akivitazama. Baba alipomkuta alivuta pumzi ndefu, akamuuliza anatafuta nini humo. Mtoto akajibu, "Natafuta saa ya jana imewekwa wapi." Alichapwa kidogo, lakini baba alilikumbuka neno lile mpaka uzeeni, na kila alipolisimulia alilimalizia kwa kutikisa kichwa.

Alisoma shule ya msingi mtaa wa pili kutoka nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako aliongoza hesabu na kuvuta mkia katika kila jambo lililohusu kukimbia. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme. Huko ndiko alikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, kubwa kama kabati la nguo, imefungiwa katika chumba chenye baridi ambacho wanafunzi waliruhusiwa kukichungulia dirishani tu. Alibaki pale kama mkufunzi msaidizi, na mwaka 1984 mkufunzi mwenzake akamwonyesha lugha ya kuziandikia kompyuta maagizo, lugha inayoitwa C. Siku ile marehemu alirudi nyumbani hali chakula. Baba akamuuliza kulikoni.

"Nimejifunza lugha mpya, baba. Inaitwa C."

"Jina lake herufi moja tu? Wazazi wake walichoka?"

"Ndiyo jina lake."

"Inazungumzwa wapi?"

"Haizungumzwi, baba. Inaandikwa, halafu mashine inatenda."

Baba alifikiri kidogo, jicho moja bado limebana kioo chake cha ufundi. "Basi angalia sana unachoandika," akasema. "Mtu ukimwambia upuuzi atakuuliza. Mashine haitakuuliza."

Waombolezaji ambao hamkuwahi kukaa na marehemu meza moja hamjui mlivyopona, maana angewaeleza habari za lugha hiyo mpaka chai ipoe. Hata hivyo inabidi mweleweshwe kidogo, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Lugha ya C ni ndogo, ina maneno machache, na ina kasi ya ajabu. Lugha nyingi zilizokuja baada yake zimerithi sura yake, hasa yale mabano yake yenye kiuno, yanayofungua na kufunga kila fungu la maagizo, na hapo ndipo marehemu alipolipata jina lake, kwa sababu aliyachora hata kwenye kadi za harusi za watu. Sifa yake nyingine si nzuri sana. Lugha hii inamwamini mwandishi kupita kiasi. Ukiiambia ikate, inakata, hata kama ni kidole chako. Kila baada ya miaka michache hutokea lugha mpya yenye adabu zaidi, na wapenzi wake huitangazia C msiba. Marehemu alivisoma vile vifo vyote kwa utulivu, miwani imeshuka puani, kisha akauliza, "Na huyu kompyuta yake ya kuandikia tangazo la msiba iliamshwa kwa lugha gani?" Kwa kweli mifumo mingi inayoamsha kompyuta mpaka leo imeandikwa kwa C. Wakubwa wa usalama wa mitandao walipoanza kuwashauri watu waihame, alikubali kwamba hoja yao ilikuwa ya haki. Yeye hakuhama. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alisema, na dada yake akamjibu kwamba hata hivyo ni zimwi.

Mwaka 1986 aliajiriwa hospitali kuu kutunza mitambo ya umeme, na kidogo kidogo kompyuta zilivyoingia zikawa zake. Ukumbi wa wagonjwa wa nje wakati ule ulikuwa vurugu tupu. Muuguzi alisimama mlangoni akapaza sauti, watu watatu wakainuka, wawili hawakuwa wameitwa, na aliyeitwa hakusikia. Marehemu akawaza kuandika programu ya kuita foleni, na kwa sababu alitaka mashine iite kwa majina, si kwa namba, ilihitaji sauti ya mtu. Aliona kwamba majina yetu yana bahati, yanakatika vipande vidogo vinavyotamkika, ba, be, bi, bo, bu. Mtu mmoja akivitamka vipande vyote mara moja tu, mashine inaweza kuvishona pamoja ikaita jina la yeyote anayekuja.

Mtu huyo alipatikana mapokezi. Alikuwa mpokezi ambaye wagonjwa walimwita Bi Karibu, kwa vile neno hilo lilimtoka kabla hujafika mezani pake, na alilisema kama anakungoja wewe peke yako tangu asubuhi. Walirekodi katika chumba cha tisa, ambacho wakati ule kilikuwa stoo ya mashuka, kwa sababu mashuka yanameza mwangwi. Kwa wiki kadhaa, kila baada ya kazi, wawili hao walijifungia humo katikati ya marundo meupe, mmoja ameshika maikrofoni na mwingine anatamka silabi. Watu walisema yao. Siku kazi ilipokwisha, mwaka 1993, marehemu alimwita aje asikilize kama mashine inatamka vizuri. Akabonyeza kitufe. Spika ikasema, kwa sauti ya Bi Karibu mwenyewe, "Ni-me-ku-ba-li."

"Nimekubali nini?" akauliza Bi Karibu.

"Kuolewa na mimi. Nakuuliza sasa, mashine inasema kweli?"

Bi Karibu alicheka mpaka akaegemea mashuka. "Mashine yako ina haraka kuliko wewe," akasema. "Lakini haijasema uongo."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Aprili 1994. Bwana harusi alikuwa na miaka thelathini na minane, na nyumbani tulishaanza kumwombea. Mwaka 1996 walijaliwa binti, mtoto wao wa pekee. Nyumba yao ilikuwa ya vicheko vidogo vidogo, redio chini, milango imefungwa kila mmoja, kwa maana marehemu hakuweza kuvumilia kitu kilichofunguliwa bila kufungwa. Na hospitalini mashine iliita. Iliita asubuhi mpaka alasiri, kwa sauti yenye joto, jina na chumba, jina na chumba. Wazee waliopoteza nuru ya macho walisema afadhali wangoje pale kuliko nyumbani. Mwenye mashine na mwenye sauti walikula chakula cha mchana pamoja kwenye benchi la nyuma ya ukumbi, na sauti ilipoita, mwenye sauti alikuwa amejaza mdomo.

Stoo ya mashuka ilihamishwa baadaye, na chumba cha tisa kikawa cha daktari. Mwaka 2010 Bi Karibu alianza kupungua mwili. Alijiandikisha kama wagonjwa wengine, akakaa benchi, na zamu yake ilipofika akasikia anaitwa, jina lake kwa sauti yake, chumba cha tisa. Wenzake wa mapokezi waliinua vichwa. Yeye akainuka akijikung'uta sketi. "Leo nimejiita mwenyewe," akasema, akaingia. Humo ndimo alimoelezwa kwamba ugonjwa umekwenda mbali. Alifariki tarehe 22 Novemba mwaka huo huo.

Sasa fikirini wenyewe. Watu waliomzika Jumatano waliingia kazini Alhamisi, na kabla hawajavua makoti wakamsikia anaita wagonjwa. Mfagiaji mmoja aliacha ndoo katikati ya ukumbi akatoka nje. Mkuu wa hospitali wa wakati ule, kwa nia njema, alimwambia marehemu atafute sauti nyingine. Yule mkuu alipomtazama marehemu usoni hakurudia. Basi ikabaki. Binadamu huzoea, na baada ya miezi watu wakazoea kuelekezwa vyumbani na mwanamke aliyelala udongoni.

Jambo ambalo hawakulizoea ni lile la pili. Alasiri moja, ukumbi umeshabaki mtupu, daktari wa mwisho alibonyeza kitufe ajue kama kuna mgonjwa aliyebaki. Hakukuwa na mtu. Mashine ingepaswa kunyamaza. Badala yake spika ilikwaruza kidogo, kisha ikaita. Ilimwita Bi Karibu, jina lake kamili, kwa sauti ya Bi Karibu, chumba cha tisa. Daktari alitoka mlangoni akachungulia mabenchi. Hakuna kitu, ila dirisha moja lililokuwa likigongwa na upepo.

Walimwita marehemu mbio. Alikaa mbele ya mashine, akasoma programu yake mstari kwa mstari, akaona kosa, na kosa lilikuwa lake. Dada mtu alielezwa hivi, naye anawaeleza hivyo hivyo. Kumbukumbu ya mashine ni kama nyumba yenye vyumba vingi vya wapangaji. Mgonjwa akija anapewa nafasi, linaandikwa jina lake na chumba atakachoitwa. Akiondoka, nafasi inahesabiwa kuwa tupu. Lakini lugha ya C haifagii. Kuhesabiwa tupu si kufutwa, na jina hubaki mlangoni mpaka mwingine aandikwe juu yake, au mpaka mwandishi mwenyewe atoe amri lifutwe. Marehemu alisahau kutoa amri hiyo. Kila jioni mashine ilijinakili ilivyo, na kila asubuhi ikaamka na wote, walio hai na waliokwisha kwenda. Foleni ikiisha na daktari akabonyeza, ilikwenda kwenye mlango wowote uliokuwa umeachwa ikasoma jina ililolikuta.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Marehemu aliujua, na vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe. Aliandika mstari mwingine. Aliiamuru mashine kwamba nafasi ile yenye jina la mkewe asipewe mtu mwingine yeyote, jina jingine lisije likaandikwa juu yake. Kisha akafunga mlango wa chumba cha mashine, akawaambia wakubwa kwamba tatizo ni la umeme.

Tangu hapo, alasiri nyingi, baada ya kazi, Mzee Mabano alikaa benchi la nyuma. Si kila siku iliita. Siku ilipoita alikunja mikono mapajani akasikiliza mpaka spika ikanyamaza, kisha akaondoka. Siku moja alifika akakuta benchi lina mtu. Alikuwa binti yake, ana miaka kumi na minne, katika sare ya shule, mkoba miguuni. Kumbe naye alikuwa akija. Baba akaketi pembeni ya mwanawe, wakangoja pamoja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2012 mama mmoja mshonaji alikuja hospitali kuchukua nguo za mwanawe aliyefariki wodini wiki iliyotangulia. Alikuwa amekaa ukumbini, kifurushi kifuani, akingoja usafiri. Daktari wa mwisho akabonyeza. Mashine ikaita jina la mwanawe, chumba cha pili. Yule mama aliinuka kabla hajafikiri. Alikimbia akasukuma mlango wa chumba cha pili, akamwambia daktari, "Ameitwa, mwanangu ameitwa, nimeleta nguo zake." Walimshika kwa upole wakamketisha. Marehemu alikuwa benchi la nyuma na aliona yote. Jioni ile alifika kwa dada yake bila hodi, akakaa jikoni, akaeleza kila kitu tangu mwanzo, na dada mtu hakumpapasa.

"Umewaacha wafu wa watu nje kwa sababu ya wako mmoja," akamwambia.

"Najua, dada."

"Kesho ufute."

"Nitafuta."

Na alifuta. Alimtafuta yule mama nyumbani kwake akamwomba radhi kwa magoti, ingawa mama yule hakuelewa vizuri anaombwa radhi ya nini. Mashine ikaanza kufagia kila jina mara mgonjwa aondokapo. Ila nafasi moja hakuigusa. Dada yake alipomuuliza, alisema mkono ulikataa. Basi kuanzia siku hiyo foleni ikiisha palikuwa na mtu mmoja tu wa kuitwa, na wafanyakazi wote walimjua. Vijana wapya walioajiriwa waliambiwa mapema, wasije wakaangusha vyombo.

Marehemu alistaafu mwaka 2015, lakini hospitali iliendelea kumwita kila mashine ilipokohoa, maana hakuna mwingine aliyetaka kuigusa. Binti alikua, akasomea kazi ile ile ya baba yake, katika lugha za siku hizi. Siku za mapumziko walibishana mezani mpaka dada mtu akazima redio asikilize.

"Baba, lugha yako haina ufagio. Zetu zinafagia zenyewe."

"Ufagio imenipa mimi."

"Wala haina uzio. Nikiandika kupita mpaka wangu, naingia kwa jirani, na haisemi kitu."

"Inaamini una macho."

"Macho unayo baba, na ufagio unao," binti akasema polepole. "Mbona pale hufagii?"

Mzee alizungusha kikombe chake mezani. "Nikifa," akasema, "ufute wewe. Niahidi." Binti akaahidi, kwa wepesi ule wa mtu anayedhani siku hiyo iko mbali.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka jana. Miguu ilivimba, ngazi zikawa adui, akalala ameketi. Kliniki ya moyo iko kwenye ukumbi ule ule, na wauguzi waliomheshimu walitaka kumpitisha mlango wa nyuma moja kwa moja kwa daktari. Alikataa katakata. "Nitaitwa kama wenzangu," alisema. Alipenda kukaa pale macho ameyafumba akisubiri sauti imfikie yeye, na ilipomwita alijibu "Naam" kwa sauti, watu wakacheka, yeye pia.

Ijumaa tarehe 31 Mei alijiandikisha mapokezi akaketi benchi la nyuma. Hakuwa bado amepangiwa chumba. Mgonjwa aliyekuwa pembeni yake alidhani amesinzia. Walimkimbiza wodini, na Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa mbili asubuhi, aliaga dunia, mkono wake mmoja ukiwa katika mikono ya binti yake na mwingine katika mikono ya dada yake. Mara mbili kabla hajaondoka alifumbua macho akauliza, "Zamu yangu bado?" Tulimwambia bado.

Alhamisi, binti na shangazi yake walikwenda hospitali kuchukua kibali cha mazishi. Karatasi zilichelewa. Walikaa ukumbini mpaka watu wakaisha, wakabaki wao wawili, mfagiaji mmoja, na mpokezi aliyekuwa akifunga droo. Daktari wa mwisho akabonyeza kitufe. Dada mtu alijua kitakachofuata, akajiandaa moyoni kumsikia wifi yake anavyojiita.

Spika ikakwaruza. Ikaita jina lile mlilo nalo kwenye jalada. Majina yote, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho, taratibu, kwa sauti yenye joto, bila kuruka hata silabi. Kisha ikasema: chumba cha tisa.

Mfagiaji alisimama na fagio lake hewani. Dada mtu anakiri kwamba nywele zilimsimama, na kwamba mdomo wake, ambao haujawahi kukosa neno, ulikosa. Alisimama akaenda. Chumba cha tisa kilirudishwa kuwa stoo ya mashuka miaka mitatu iliyopita. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani palikuwa na mashuka tu, marundo meupe mpaka darini, na kimya kile kinachomeza hata pumzi yako. Hakuna mtu. Dada mtu aliufunga mlango vizuri, kama mdogo wake alivyopenda, akarudi.

Binti alikuwa ameshafungua chumba cha mashine na kukaa kwenye kiti cha baba yake. Alisoma programu yote. Jina la baba yake alilikuta katika nafasi ya mama yake, nafasi iliyokatazwa kupewa mtu. Limeandikwa juu ya jina la mama, na chumba kilichobaki hapo kilikuwa kile kile cha mama. Alitafuta mstari uliompeleka huko, hakuuona. Anaamini ni ule ukosefu wa uzio, kwamba jina la baba, kwa urefu wake, lilivuka mpaka kutoka nafasi ya jirani aliyopewa Ijumaa ile na lugha haikulizuia. Yeye ndiye msomi wa mambo haya, na wasifu huu unaandika anavyosema. Dada mtu ana maoni yake, anakaa nayo.

"Haya, mwanangu," shangazi akasema. "Uliahidi."

Binti hakusogeza mkono. "Shangazi, nikifuta hii hawapo tena. Jina la baba, chumba cha mama. Wote wawili wako hapa, sehemu moja."

"Hawako hapo. Hapo kuna maandishi tu."

"Niache niisikie mara moja tu. Mara moja, halafu nifute."

"Ndivyo baba yako alivyosema. Miaka kumi na minne akasikiliza mara moja tu. Kamtazame yule mfagiaji nje. Kesho kutwa tunamweka baba yako kaburini, na Jumatatu alasiri ataitwa ainuke. Utamwinua mpaka lini?"

Binti alilia. Alilia kama mtoto, kichwa juu ya vitufe, na shangazi yake alilia naye, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa chuma mle ndani. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akaandika. Mstari ulikuwa mmoja, kwa lugha ya baba yake, na mwisho wake akafunga mabano. Walitoka wakamwomba daktari abonyeze tena. Akabonyeza. Spika haikusema neno, na kimya kilipozidi mfagiaji akashusha fagio lake akaendelea na kazi.

Jana Ijumaa asubuhi dada mtu alipitia pale makusudi. Sauti ya wifi yake bado ipo, na hospitali imekubali ibaki. Ilikuwa ikiita watu, jina na chumba. Bibi mmoja mwenye mkongojo akaitika, "Mimi huyo, nakuja!" akainuka kwa tabu akaenda kutibiwa. Sasa inaita walio hai tu. Kwa hiyo wanaoogopa kwenda hospitali waende.

Marehemu ameacha binti yake na mkwewe, mjukuu mmoja anayenyonya, mdogo wake wa kiume, wakwe na mashemeji wa upande wa Bi Karibu, wanafunzi wake wanaoandika kwa lugha zisizo zake wakitumia mabano yake, na dada yake mkubwa, ambaye sasa hana wa kumkemea. Atalazwa leo Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, ubavuni mwa mkewe. Alingoja zamu yake kwa subira kama wenzake, na zamu imefika. Ameitwa, na tunaamini ameitika.

Apumzike kwa amani, mdogo wangu. Asiitwe tena.